Shajara ya mradi: maji, vichaka na miti ya ndege kuzunguka nyumba ya shamba

Lengo la mradi ni moja: kuizungushia nyumba ya shamba bustani ambayo ndege wa porini watakuja wenyewe, wataishi na kuzaa humo, na watu wa nyumbani watakaa na kuwatazama bila kuwasumbua. Kazi imepangwa kwa kufuata mahitaji ya ndege: maji kwanza, kisha maficho, kisha chakula kinachoota ardhini, na kiti cha kutazamia mwisho kabisa. Wengi huanza na kiti pamoja na kibanda cha punje, halafu hushangaa kwa nini wanafika shomoro na njiwa peke yao.

KIANGAZI: KUPIMA KABLA YA KUCHIMBA

Ramani imechorwa kwenye karatasi ya miraba, sentimeta moja kwa kila mita mbili. Mbali na nyumba na mipaka, imeonyeshwa vivuli vinaangukia wapi saa mbili asubuhi, saa sita mchana na saa kumi jioni. Maji ya mvua yanapita wapi na yanatuama wapi. Mabomba na shimo la maji taka viko wapi. Na madirisha makubwa yanaelekea upande gani. Kiangazi ndicho kipindi cha kazi hii, kwa kuwa ardhi iko wazi na nyufa zinaonyesha palipo na mfinyanzi mzito.

Hesabu ya ndege imeanza pamoja na ramani, ili baadaye pawe na cha kulinganisha. Utaratibu: mahali palepale, dakika 10, ndani ya saa mbili za kwanza baada ya jua kuchomoza, mara moja kwa wiki, isipokuwa siku ya mvua au upepo mkali. Kwa kila aina huandikwa idadi kubwa zaidi iliyoonekana kwa wakati mmoja. Tetere mmoja akipita mara tano bado ni tetere mmoja, na anayejumlisha atajikuta ameandika kundi ambalo halipo.

Darubini ya 8×42 inatosha. Namba 8 ni ukuzaji, na 42 ni kipenyo cha lenzi ya mbele kwa milimita. Ukuzaji ukipanda hadi 12, mtikisiko wa mkono nao hukuzwa, na ndege aliye ndani ya majani huwa mgumu kumpata. Kwa sauti, programu ya Merlin ya Cornell Lab of Ornithology inasaidia, lakini jina inalotoa lichukuliwe kuwa fununu mpaka ndege mwenyewe aonekane, hasa penye kurumbiza, maana wengi wao huiga sauti za ndege wengine.

KIANGAZI: BESENI LA MAJI

Maji yametangulia kwa sababu mti unataka miaka, ila beseni likikaa mahali pake ndege hulijua mapema, tena wanakuja hata wale wasiogusa punje maishani mwao: wanaokula wadudu, wanaokula matunda, na wapita njia.

Beseni limefinyangwa hapohapo bustanini. Mchanga mbichi hukusanywa na kupigwapigwa uwe kama sahani iliyofudikizwa, upana sentimeta 60, kimo cha katikati sentimeta 5, ukiteremka taratibu mpaka ukingoni. Juu yake hutandazwa nailoni, na juu ya nailoni hunyunyizwa mchanga mkavu wa chembe kubwa. Mchanga huo usisahauliwe: ndio utakaougandisha uso wa ndani uwe na mkwaruzo, kwa sababu ndege haingii kwenye maji ambayo chini yake panateleza. Zege jepesi ni sehemu 1 ya saruji kwa 3 za mchanga uliochekechwa, na maji kidogo tu; konzi ikifinywa ishikane bila kudondosha. Tabaka la kwanza sentimeta 2, kisha wavu wa kuku, kisha tabaka la sentimeta 3, na kitako kinasawazishwa kwa ubao. Hufunikwa kwa magunia yanayoloweshwa asubuhi na jioni kwa siku 7. Likiachwa likauke haraka juani hupata nyufa nyembamba zisizoonekana, na baada ya muda beseni halishiki maji.

Likishageuzwa, halitumiki papo hapo. Saruji mpya hufanya maji kuwa makali kama maji ya chokaa. Hujazwa, hulala na maji usiku kucha, humwagwa, na kurudiwa hivyo wiki nzima ndipo ndege waachiwe.

Kina ndicho jambo kubwa kuliko yote. Ndege wadogo huoga kwenye sentimeta 2 hadi 3. Zaidi ya 5 wengi hubaki ukingoni wakinywa tu. Mabeseni mengi yanayouzwa yana kina kupita kiasi, na dawa yake ni kutia kokoto pana au jiwe bapa katikati.

Mahali: mita 2 hadi 3 kutoka kwenye kichaka. Ndege aliyeloa huruka kwa uzito na anataka maficho ya karibu. Lakini kichaka kikigusana na beseni, paka anapata pa kuvizia. Mabeseni ni mawili, moja chini kwa ajili ya tetere na wengine wa ardhini, jingine juu ya kisiki cha sentimeta 80.

Juu ya beseni la chini limetundikwa dumu la lita 5 lenye tundu la sindano, likidondosha tone moja kwa sekunde. Kwa kuwa matone kama 20 hufanya mililita moja, dumu hudumu takriban saa 28. Mlio wa tone na viduara vinavyotanuka juu ya maji huwavuta ndege kuliko maji yaliyotulia, na chozi dume anaweza kuonekana akipitapita kwenye tone lenyewe, akilidaka kabla halijafika chini.

Matunzo: maji hubadilishwa kila baada ya siku 2 na beseni husuguliwa kwa brashi ngumu, bila sabuni. Sabuni na mafuta huharibu manyoya yasizuie tena maji. Palipo na joto mbu hukua kutoka yai hadi kuruka kwa siku 7 hadi 10, kwa hiyo maji yanayomwagwa kila siku 2 hayawezi kuzalisha mbu hata mmoja.

MVUA ZA KWANZA: MITI

Miti imechaguliwa kwa maswali matatu: inatoa nini wakati mingine haina kitu, inakuwa mikubwa kiasi gani, na je, ni ya mahali hapa kwa asili? Swali la tatu lina uzito kuliko linavyodhaniwa. Karibu ndege wote wadogo wa nchi kavu, hata wanaoishi kwa punje, hulisha makinda yao wadudu, na viwavi zaidi ya wote. Viwavi wengi hula majani ya miti waliyozoeana nayo kwa vizazi vingi tu. Douglas Tallamy wa Chuo Kikuu cha Delaware, Marekani, ameeleza kuwa jozi moja ya ndege wadogo aina ya chikadii huhitaji viwavi 6,000 hadi 9,000 kulea makinda ya kiota kimoja. Mti mgeni wenye majani safi yasiyoguswa na mdudu ni mzuri kwa macho, lakini kwa ndege ni ghala tupu. Majani yenye matundu ndiyo dalili kwamba bustani inafanya kazi.

Mkuyu na jamaa zake wa jenasi ya Ficus wamepewa nafasi ya kwanza. Huchavushwa na nyigu wadogo sana wanaozaliana ndani ya tunda lenyewe, na nyigu hao hawawezi kuendelea kuishi bila miti inayozaa kwa zamu mwaka mzima. Ndiyo maana mti wa jamii hii huweza kujaa matunda wakati mingine yote imekauka. Lakini mizizi yake inatafuta maji kwa nguvu nyingi: umbali wa mita 20 kutoka kwenye msingi, bomba na shimo la maji taka usipunguzwe. Miche inayojiotea kwenye mifereji ya paa au nyufa za ukuta, iliyoletwa na kinyesi cha ndege, ing'olewe ikiwa na majani mawili au matatu. Ikikawia hubeba plasta inapong'olewa.

Mforosadi umepandwa kwa vipandikizi: fimbo zenye unene wa penseli, urefu sentimeta 25, macho manne, theluthi mbili zikiwa ardhini. Uko upande ule ambao hakuna kamba ya nguo wala mahali pa kuegesha gari, kwa kuwa shorewanda akishakula forosadi, doa la zambarau linalofuata halitoki kirahisi.

Shimo la kila mche ni sentimeta 60 kwa 60, lakini kina chake hakizidi kimo cha udongo wa mche wenyewe. Udongo wa chini ukichimbuliwa na kurudishwa hutitia, na mti huzama pamoja nao. Shingo ya mzizi ikifunikwa, gome huoza polepole na mti hufa ukiwa na miaka mitatu au minne huku mwenyewe akilaumu ukame. Kuta za shimo huparuzwa kwa sululu, maana kwenye mfinyanzi jembe huacha ukuta laini kama chungu, na mizizi huzunguka ndani yake bila kutoka. Mche uliokaa sana kwenye mfuko wa kitalu hukatwa mizizi yote iliyojizungusha, hata kama moyo unasita. Mzizi uliozunguka haujinyooshi wenyewe. Hunenepa na kuja kulinyonga shina.

Matandazo ya majani makavu ni unene wa sentimeta 8, katika duara la mita moja, na nafasi ya sentimeta 10 huachwa wazi kuzunguka shina. Yakirundikwa mpaka kwenye gome, huleta ukungu na kuwakaribisha mchwa. Umwagiliaji ni lita 20 kwa wiki kwa mpigo mmoja, mvua zikikatika. Kunyunyizia kidogokidogo kila siku hufanya mizizi ibaki juu, na kiangazi cha kwanza kikifika mti hauna pa kunywa. Egemeo ni miti miwili kando ya mche, ikifungwa kwa kipande cha mpira chenye ulegevu. Shina linalotikiswa na upepo hunenepa. Lililobanwa hubaki jembamba.

KATIKATI YA MVUA: VICHAKA NA NYASI

Kati ya miti na nyasi panatakiwa tabaka la vichaka, na ndilo linalokosekana kwenye bustani nyingi zilizofagiliwa. Mistari mitatu imepandwa kwa mtindo wa kupishana, mita moja kati ya mche na mche, mchanganyiko wa vichaka vya miiba na visivyo na miiba. Vichaka hivi havikatwi kuwa ukuta ulionyooka. Ua lililonyolewa huwa na majani nje na vijiti vitupu ndani, na kiota huonekana na kunguru kutoka mbali. Badala yake theluthi moja hupunguzwa kila mwaka, baada ya msimu wa kutaga kupita na baada ya kila kichaka kukaguliwa kwa macho kwanza.

Sehemu ya Lantana camara iliyokuwepo inaondolewa kwa awamu. Mmea huu wa asili ya Amerika ya kitropiki husambazwa na ndege wenyewe wanapokula vijitunda vyake vyeusi, majani yake ni sumu kwa ng'ombe, na hauachi kitu kingine kiote chini yake. Hata hivyo ndege wanalala humo. Ukifyekwa wote kwa siku moja, wanakosa malazi. Theluthi hung'olewa na mizizi, vichaka vya asili hupandwa palepale, na theluthi inayofuata husubiri mpaka vya kwanza vifike kiunoni.

Kwa ajili ya chozi imepandwa mishubiri kwenye mteremko wa mawe, sentimeta 60 kati ya shina na shina. Chozi mara nyingi hunywa nekta akiwa ametua, tofauti na ndege wavumaji wa Amerika wanaoelea hewani, kwa hiyo maua yawe na kikonyo kigumu cha kumbeba. Dawa za kuua wadudu hazipulizwi hapa hata kidogo: chozi hulisha makinda wadudu na buibui, na hufunga kiota chake kwa utando wa buibui. Asiyetaka buibui bustanini asimtegemee chozi.

Nyasi zimegawanywa. Mita 5 kuzunguka nyumba ni fupi daima, pasiwe na lundo la kuni wala mawe, ili nyoka aonekane na asipate pa kujificha karibu na mlango. Kutoka hapo nyasi huachwa zitoe mbegu, nusu moja ikikatwa huku nyingine ikisubiri. Ukataji huanzia katikati kwenda nje. Ukianzia pembeni, vifaranga na vyura husukumwa katikati na kukatwa mwishoni.

MADIRISHA

Vioo huua ndege wengi kuliko bustani inavyoonyesha, kwa sababu ndege aliyejigonga mara nyingi huruka na kwenda kufia kichakani. Kioo humwonyesha miti na anga, naye hulenga huko. Kibandiko kimoja cha umbo la mwewe hakisaidii. Ndege hukikwepa na kugonga pembeni yake. Kinachofaa ni alama zilizoenea kioo kizima, upande wa nje, zisizoachana zaidi ya sentimeta 5 kwa kulala na kwa kusimama. Zikibandikwa ndani, mwako wa nje huzificha. Hapa zimechorwa nukta kwa rangi nyeupe ya mafuta, na dirisha kubwa la sebule limepewa kamba nyembamba zilizoning'inizwa nje.

Utafiti wa Daniel Klem, Marekani, ulionyesha kuwa kilishio (kibanda cha punje) kilicho ndani ya mita moja kutoka kwenye kioo ni salama kuliko cha mita 5 au 10, kwa sababu ndege anayeondoka hajapata mwendo wa kumuumiza. Hivyo vilishio vyetu ama vinagusa dirisha au viko mbali kabisa. Ndege aliyezimia huwekwa kwenye boksi la karatasi lenye matundu, gizani, bila maji wala chakula, na hufunguliwa nje baada ya saa moja au mbili.

MAKAO YA KUTAGIA

Visanduku vimetengenezwa kwa mbao za milimita 20 zisizorandwa wala kupakwa rangi ndani, sakafu sentimeta 15 kwa 15, matundu manne ya milimita 6 ya kutolea maji, na kifuniko chenye bawaba ili kisafishwe mwisho wa msimu. Tundu la milimita 32 linamfaa shomoro. Hakuna kijiti cha kutulia mlangoni. Wenyeji hawakihitaji, na anayekitumia ni mwizi wa mayai. Urefu ni mita 3, mlango ukigeuzwa mgongo kwa jua la mchana na mvua ya upepo.

Kisanduku cha bundi mwenye uso mweupe wa umbo la moyo (Tyto alba) ni kazi nyingine kabisa. Kutoka mlangoni hadi sakafuni kiwe na sentimeta 45 kwenda chini. Kikiwa kifupi, makinda hutoka kabla ya kujua kuruka na huanguka. Kuna sharti: sumu ya panya isiwekwe popote shambani. Sumu za kuzuia damu kuganda, kama brodifakumu, hukaa mwilini mwa panya, na bundi anayewala hufa kwa kuvuja damu ndani. Mitego ya kubana, ndani ya boksi ambalo ndege hawezi kuingia, inatosha.

Shina lililokufa, mita 4, limeachwa wima baada ya kupunguzwa matawi. Kigong'ota hutoboa mbao zilizoanza kulainika, na tundu analoliacha hutumiwa na ndege wasioweza kuchimba wenyewe. Mnana hawahitaji msaada wowote, isipokuwa majani marefu ya kuchanwa na tawi linaloning'inia. Dume husuka kiota, jike hukagua, na asiporidhika, dume hukibomoa na kuanza upya. Majani yaliyotapakaa chini ya mti yasidhaniwe kuwa ni uharibifu wa mwewe.

Mbayuwayu wametengewa kibao cha sentimeta 12 chini ya paa la banda, na dimbwi dogo la tope linaloloweshwa kila asubuhi wakati wa kujenga. Tope likikosekana hapo karibu, huhamia kwingine.

VILISHIO, PAKA NA MATANGI

Punje hutolewa kiasi kinachoisha siku ileile. Mabaki yaliyolowa huota ukungu, na karanga zenye ukungu zina sumu ya aflatoksini. Vilishio huoshwa kila wiki kwa sehemu 1 ya dawa ya klorini kwa 9 za maji, husuuzwa na kukaushwa kabisa. Akionekana ndege aliyevimba manyoya, mzito wa kuruka, mwenye mate au chakula kilichoganda mdomoni, vilishio vyote huondolewa kwa wiki kadhaa, kwa kuwa ugonjwa huo, trikomonasi, huenezwa na ndege wengi wanaokula sahani moja.

Paka hufungiwa ndani alfajiri na magharibi, na wakati wa makinda siku nzima. Kila pipa na hori la maji lina ubao wa mkwaruzo unaoanzia sakafuni na kutokea juu ya ukingo. Bundi na ndege wengine huingia kuoga, hulowa, na kuta laini huwanyima pa kushika.

MAHALI PA KUKAA

Sasa ndipo hesabu za kila wiki zinapotumika. Zinaonyesha ndege wanaoga lini, wanatokea kichaka kipi, wanarudi tawi lipi. Benchi limewekwa mita 8 kutoka kwenye beseni la chini, mgongo ukielekea mashariki, ili jua la asubuhi litokee nyuma ya mtazamaji na kuangaza ndege. Likielekea jua, kila ndege ni kivuli cheusi na rangi ya chozi haionekani kabisa. Nyuma ya benchi pana kichaka kirefu, kwa sababu mtu mwenye anga nyuma yake huonekana kila anaposogeza mkono. Njia ya kulifikia inapita kando ya ua, haikatizi kati ya beseni na maficho. Taa ya barazani ni ya manjano, imefunikwa juu, na huwaka mtu anapopita tu. Taa nyeupe ya usiku kucha humaliza wadudu ambao mchana wangekuwa chakula.

ILIPOFIKIA KAZI

Beseni la chini ndilo lenye wageni wengi zaidi kwa siku. Vichaka vya mstari wa ndani vimefika kiunoni, hivyo theluthi ya pili ya Lantana itang'olewa mvua zijazo. Mforosadi umeshatoa machipukizi. Yabaki matatu yenye nguvu, mengine yakatwe. Kabla ya upepo wa kiangazi, egemeo la kila mche litalegezwa, na mche unaosimama wenyewe utaondolewa lake. Matandazo yaliyooza yaongezwe mpaka sentimeta 8 tena, na nukta za madirisha ya upande wa magharibi zirudiwe pale mvua ilipozifuta.